Mwamba wa Ukurasa wa 83

Jumatatu, 9 Juni 2025

Wokovu umepatikana! Nimeununua Mwanza kwa muuza vitabu vya mitumba, chini ya rundo la vitabu vya hesabu. Kitabu cha mwongozo kwa wapiga picha za mandhari, Kanda ya Ziwa nzima. Hakina jalada, wala kurasa kumi na mbili za mwanzo. Si kitu. Utangulizi ni wa wasiojua kazi.

Kwa faida ya vizazi vijavyo, hali ni hii. Mama Apolonia anafungua hoteli Lagangabilili mwisho wa mwezi, yenye ukumbi wa harusi. Anataka picha moja ya mandhari ya Simiyu, upana mita tatu, ikae ukutani nyuma ya meza ya maharusi. Mpiga picha ataandikwa jina chini yake, tena atapewa harusi zote za ukumbi ule. Mwisho wa kupeleka picha ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Nikishinda, studio yangu hapa Bariadi inapona. Nikishindwa, mke wangu Wilhelmina anageuza chumba kuwa saluni. Wala si vitisho. Mashine ya kukaushia nywele imeshaletwa, iko chumbani kwetu, imefunikwa khanga. Leo asubuhi, kabla sijavaa miwani, nimeisalimia. Nimesema "Mwangaluka" mara mbili na nikachukia haikuitikia.

Jumanne, 10 Juni

Kitabu hiki ni dhahabu. Kinasema uhesabu filamu zako kabla ya safari, kwa hiyo ni cha siku nyingi, lakini mlima hauzeeki. Ukurasa wa 14 nimeukariri: usiwaulize wenyeji njia wala habari, maana mwenyeji ameuzoea uzuri wa kwao, haoni kitu. Kweli tupu! Mimi nimezaliwa Bariadi na sijawahi kuona kitu.

Hatari ni moja tu. Kasmiri. Nilimfundisha mwenyewe kushika kamera, pale pale studio, miaka sita iliyopita. Sasa ana kamera nzuri kuliko yangu, na adabu ya kuudhi. Leo amekuja kunisalimia, akauliza kwa upole kama kaka naye atashindana. Nimemjibu kwamba mambo ya dunia nimeyaacha. Kitabu nilikuwa nimekikalia.

Tahadhari: nimebandua jalada la kitabu chetu cha nyimbo za kanisa, lile jeusi lenye msalaba wa rangi ya dhahabu, nimekivisha kitabu changu. Nani atashuku?

Jumatano, 11 Juni

Katekista Marcelo amepita studio mchana, amenikuta nimezama katika kitabu chenye msalaba. Amefurahi mpaka akakaa. Akataka kujua ni wimbo gani unaonigusa hivyo. Nikasema namba 83, maana ndipo kidole kilipokuwa. Akaniangalia kwa huruma, akaniuliza kama nyumbani wote wazima. Nimeangalia baadaye. Ni wimbo wa kuzikia.

Jioni nimepata akili kubwa. Mpinzani hapigwi, anaelekezwa njia nyingine! Nimempigia Kasmiri, nimemwambia mandhari bora kuliko zote yako Nkoma, afikie kwa wakwe zangu, nitawapigia simu wampokee. Nimeoa pale miaka kumi na minne iliyopita. Nimekwenda zaidi ya mara hamsini. Hakuna kitu Nkoma! Pamba, ng'ombe, vumbi, basi. Mama mkwe atamlisha michembe ya viazi na karanga na maziwa ya mgando mpaka ashindwe kunyanyua kamera.

Kasmiri ameshukuru mno. Amesema hajawahi kuona mwalimu mwenye roho safi kama mimi. Nimejisikia vibaya kwa dakika nzima.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi Kasmiri ameondoka kwenda Nkoma. Njia nyeupe!

Nimechagua. Ukurasa wa 83, Mwamba wa Vichwa Viwili. Mwandishi anasema hajaona mandhari kama ile tangu azaliwe: mwamba mkubwa uliogawanyika juu, na mbele yake majani ya rangi ya dhahabu yanayofika kiunoni, hayajakanyagwa na kiumbe. Mwezi ni Juni, saa ni jua linapochomoza. Anaagiza mbele pawe na kitu chenye uhai, mfano ng'ombe. Njia: kutoka kwenye kinu cha zamani cha pamba fuata korongo kavu, mwendo wa saa moja. Ramani ipo. Mchwa wamekula majina ya vijiji, wamebakiza mishale. Mishale inatosha.

Kitabu kinataka kamera isimame juu ya miguu mitatu. Yangu ilivunjika kwenye ubarikio wa mwaka juzi. Nimetengeneza mpya kwa mipini mitatu ya majembe na mpira wa baiskeli. Imara kabisa.

Wilhelmina anatafuta majembe yake. Nimemwambia Jumamosi nina semina Maswa. Ameuliza semina gani inayohitaji mipini mitatu. Nimejibu ni kazi za vikundi.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika kwa kalamu ya kukopa, ndani ya suruali ya kukopa. Nitaeleza kwa utaratibu.

Alfajiri Salu wa bodaboda alinishusha kwenye kinu cha zamani. Nikaingia korongoni. Baridi, ndege, kila kitu kama kitabu kilivyosema. Nikakutana na mama mmoja ana furushi la pamba kichwani. Akanisalimia, akauliza naenda kwa nani. Nikakumbuka ukurasa wa 14. Akaanza kunieleza kwamba kule mbele ni kwa mzee fulani na kwamba mwezi huu hapaingiliki. Nikamshukuru, "Wabeja, mayu", nikaziba masikio, nikapita mbio. Mwenyeji. Haoni kitu.

Na kweli! Nikapanda ukingo, huo hapo! Mwamba wa vichwa viwili, na bahari ya majani, dhahabu tupu, hakuna hata alama ya kwato. Nilitokwa na machozi, sioni aibu kusema. Pembeni kulikuwa na uzio wa miiba, nikadhani ni wa kuzuia fisi. Nje ya uzio ng'ombe kumi na wawili wanaramba vumbi. Nikawasikitikia watu wa huku. Majani yote haya, na ng'ombe wao wanakonda nje! Ujinga wa wenyeji nao una kiwango.

Nikasogeza miiba, nikawaingiza wote kumi na wawili. Waliingia kwa furaha ambayo sijaiona hata harusini.

Shida ya kwanza: ng'ombe mwenye njaa akiingia kwenye majani ya kiunoni, kichwa hakionekani tena. Ninaona migongo tu, kama magunia yametupwa. Nikapiga mluzi wainue vichwa. Akainua mmoja. Dume. Akanitazama, akatazama mipini mitatu, akaona tunamtafuta ubaya.

Nilibonyeza kamera mara moja, nikaitia shingoni, nikakimbia. Miiba ya mgunga ilibaki na sehemu yote ya nyuma ya suruali yangu. Nyuma yangu nikasikia mipini inavunjika. Na hapo ndipo ulipopigwa mwano. Msukuma yeyote anaujua: yowe la kwamba ng'ombe wanaibwa. Likajibiwa upande huu, likajibiwa upande ule. Watu wakatokea kila kona na fimbo na marungu.

Nikapanda mwamba. Juu kabisa, katikati ya vile vichwa viwili. Nikatazama upande wa pili nitafute pa kukimbilia. Nikaona boma la ng'ombe. Nikaona lundo jeupe la pamba uani. Nikaona bati la nyumba, lina kiraka cha buluu.

Kile kiraka nilikipigilia mimi. Krismasi iliyopita. Kwa baba mkwe wangu, Mzee Mboje, Nkoma.

Miaka kumi na minne naingia kwa barabara kubwa, nakaa kwenye kiti kile kile, naangalia mlango. Sijawahi kuzunguka nyuma ya boma!

Mbele ya kundi alikuwa mama mkwe, ameshika mchi wa kinu. Mimi mbele ya mama mkwe sili chakula. Tukikutana njiani napisha, naingia hata kwenye matope. Sasa niko juu ya jiwe, jua linanimulika, na nyuma sina suruali. Nikageuka kwa heshima. Upande wa pili alikuwa Mzee Mboje. Kitabu ni kimoja, wakwe ni wawili! Nikaamua: uso kwa baba, kitabu kwa mama.

Nikageuza shingo: nyuma ya mama mkwe amesimama Kasmiri, mkono mmoja bilauri ya maziwa ya mgando, mkono mwingine kamera. Nikasikia mlio wa kamera. Mmoja tu. Anajua kazi, nilimfundisha.

Jumapili, 15 Juni

Wazee wamenikalisha uani, kwenye kigoda, kama mtoto. Nimeelezwa kile ambacho nilikijua tangu utoto na nikakisahau kwa sababu hakikuwa kitabuni. Ile ni ngitili. Majani yanafungwa mvua zikianza, yanalindwa na kijiji kizima, hayaguswi mpaka kiangazi kikali, ndipo yanafunguliwa kwa ndama na ng'ombe wagonjwa na waliozeeka. Mimi nimeyafungulia ng'ombe wa mkwe wangu mwenyewe, na dume lake, mwezi wa sita.

Mzee Mboje hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu: ni mila ya wapi mkwe kufika ukweni kwa kupitia nyuma? Akasema ningepita mlangoni, ningekunywa maziwa, na alfajiri angenipandisha mwambani kwa mkono wake, kama alivyompandisha yule kijana mwenye adabu Ijumaa. Niliona aibu ya kweli. Ilidumu mpaka chakula.

Hukumu: nichume pamba siku tatu, na nipige picha kaya zote za kitongoji pamoja na ng'ombe wao. Mama mkwe alikaa mbali, mlangoni. Alikuwa amejifunika kitenge usoni na mabega yanatetemeka. Nilidhani analia. Jirani aliyeniletea suruali ya shemeji akaniambia hapana.

Wilhelmina amepiga simu kuuliza semina inaendeleaje. Alishajua. Nimemwambia kazi za vikundi zimeanza.

Jumatano, 18 Juni

Vidole vyote vimetobolewa na maganda ya pamba. Kaya ishirini na saba zimepigwa picha. Bibi mmoja amekataa kupigwa na mume wake, ametaka apigwe na maksai, anasema maksai hajawahi kumuudhi. Picha imetoka nzuri sana. Zote zimetoka nzuri, watu wamecheka, wamekaa kama walivyo. Lakini si mandhari, kwa hiyo hazihesabiki.

Za mandhari nilikuwa na moja. Nimeikuza leo. Ni pua ya dume, kwa karibu. Nimeituma kwa Mama Apolonia kwa jina "Pango la Simiyu".

Ijumaa, 20 Juni

Ameshinda Kasmiri.

Mama Apolonia ameniambia kwa simu kwamba zilizoletwa nyingi ni nzuri, ila hii ina mtu ndani yake. Ameitazama akacheka mpaka akakaa chini, na maharusi wakicheka siku ya kwanza ni dalili njema. Akaniuliza lile pango langu liko wapi, maana mume wake anadai linapumua.

Jumamosi, 28 Juni

Uzinduzi wa ukumbi, Lagangabilili. Wakwe wote wamealikwa, wamekaa mbele. Pazia likavutwa.

Mita tatu! Majani ya dhahabu, mwamba wa vichwa viwili, ng'ombe migongo inang'aa. Lazima niandike ukweli hapa ambapo hasomi mtu: ni picha nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuiona. Na katikati nipo mimi, ukubwa wa mbuzi, nimepinda, mkono mmoja unamwamkia baba mkwe na mwingine umeshika kitabu mahali pake. Msalaba wa dhahabu unaonekana vizuri sana. Katekista Marcelo aliutazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Anataka kuniona Jumatatu.

Chini wameandika: "Mpiga picha: Kasmiri. Mahali: ngitili ya Mzee Mboje, Nkoma. Anayeonekana: mkwe wake." Jina langu halimo. Hata herufi moja! Wakati wa kucheza, mama mkwe alipita mbali nami kama mila inavyotaka, akageuka kuitazama picha, akalazimika kutoka nje.

Saluni imefunguliwa Jumatatu iliyopita. Wilhelmina amenibakizia kona ya dirishani, kigoda kimoja na shuka jeupe. Ajabu! Mwanamke akimaliza kusukwa hataki kwenda nyumbani bila picha. Kumi na mmoja siku ya kwanza. Mei nzima studio ilipata wateja watatu. Wilhelmina anaona ni saluni. Mimi najua ni kitabu. Ukurasa wa 40, mwanga wa dirishani.

Nimekaa nikachunguza kosa lilikuwa wapi. Nimelipata! Kitabu hakikukosea hata neno. Mimi nilichelewa dakika ishirini.

Alhamisi natoka. Ukurasa wa 112, Kimali, tambarare isiyo na mwisho na mti mmoja katikati. Majani hayajakanyagwa, mwandishi anasema. Mipini mipya ninayo. Wilhelmina amesema shangazi yake Veronica anakaa Kimali tangu aolewe, nimpigie kwanza nimuulize.

Nimeusoma ukurasa wa 112 wote, juu mpaka chini, mara mbili. Hayumo.