Jua Halikuchomoza Minto

Jumamosi, 9 Agosti
Mechi ya raga Minto, pembezoni mwa Sydney. Mvua, baridi, tope hadi masikioni. Kipindi cha pili skramu, ule msukumano wa mabega, iliporomoka na Déo, Mkongo wa mstari wa mbele, akabaki chini. Hasogei! Nilipuliza kipenga, nikakataza mtu kumgusa hadi ambulensi ifike. Kisha nikakumbuka: refa lazima aandike ripoti ya jeraha. Bruno, mkuu wa marefa, huzisoma kabla ya kuchagua refa wa fainali. Kiptoo, refa mpinzani wangu, huandika mistari mitatu kama anayeagiza chai. Fainali ni yangu!

Jumapili, 10 Agosti
Kurasa nne! Nimeanza jinsi Mwalimu Waceke alivyotufundisha insha darasa la saba: jua likichomoza, ndege wakiimba. Ah, siku zile! Aliisoma yangu mbele ya darasa, harufu ya githeri, mahindi na maharagwe ya shule, ikiingia dirishani, nami nikitazama vidole vya miguu kwa haya. Tangu nihamie Sydney hakuna aliyenisoma kwa sauti. Nimemalizia kwa methali, ajali haina kinga, nikaitafsiri kwa Kiingereza.

Jumatatu, 11 Agosti
Bruno kapiga simu. Anauliza Déo alikosa kinga gani. Anataka saa, upande ulioanguka, nilichoona, nilichofanya. Ndege niwafute. Nimenuna siku nzima.

Jumatano, 13 Agosti
Nimemtembelea Déo hospitalini, Westmead. Shingo imefungwa, lakini vidole vinacheza, namshukuru Mungu. Nilimsomea kurasa zote nne. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwa Kiswahili cha Kongo, akiniita refa kwa Kifaransa, "Miye sikumbuke kitu, arbitre. Weye njo uliona."

Kumbe mimi ndiye niliyeona! Aibu ilinishika. Daktari alikuwa amemuuliza alivyoanguka, na mimi nilikuwa nimeeleza jua na ndege. Nimeandika upya palepale kando ya kitanda, mistari minane, bila hata shomoro mmoja. Bruno kajibu: safi sana. Nimeapa kuachana na insha.

Jumamosi, 16 Agosti
Fainali, Minto tena, kapewa Kiptoo. Mimi? Mshika kibendera! Lakini kabla ya mapumziko aliteleza, goti likapinda, akatolewa kwa machela. Maskini. Nikakabidhiwa kipenga, na ripoti ya jeraha lake pia. Bruno kasisitiza: mistari minane, kama ile. Kiptoo mwenyewe kaniomba nisimtie methali. Nimewaahidi wote wawili.

Sasa nimeketi mezani, mvua inapiga mabati. Nimeshaanza: "Jua lilikuwa limechomoza, na ndege wa Minto wakiimba kwa furaha..."