Malalamiko Juu ya Meza ya Keki Iliyokaa Mbele ya Pikipiki Yangu

Kwa Ndugu Mwenyekiti Ebbe Kragelund,
Chama cha Pikipiki Kuukuu, Hjortlev.

Shikamoo, mzee wangu, ingawa mkaguzi wako amenitoa hamu ya kuamkia watu. Ni mimi Storm Bisgaard, yule kijana fundi, mzuri wa sura, mliyemnyima cheti cha msafara wa kwenda kwenye moto wa kiangazi, ule wa mkesha wa Mtakatifu Hans, eti breki ya nyuma haikamati. Bibi yangu Gudrun kaapa: nikikosa cheti, pikipiki ya marehemu babu anapewa binamu Villads, daktari wa meno, aipange sebuleni kama ua. Basi nalalamika, kiofisi kabisa:

1. Breki niliifunga kwa mikono yangu. Brekishuu mpya, zile za kubana gurudumu, springi mpya, halafu grisi kila mahali humo ndani. Zile brekishuu nikazipaka mara mbili. Si jarida lenu linalopiga kelele kila toleo, "Vijana, ogopeni kutu"? Nimeogopa. Kosa langu nini?

2. Mkaguzi, mzee Thorkild, ana uzito wa familia nzima. Alikanyaga breki, pikipiki ikaendelea na safari zake. "We Storm, mbona haisimami?" Nikamjibu kwa adabu, "Mzee, imekupenda." Watu wakacheka. Hicho ndicho kilichoniponza, si breki.

3. Nani alitega meza ya kahawa pale mbele? Mama Inger analilia krimu ya keki yake. Taa yangu iliyovunjika nani anaililia?

4. Desturi yenu ni kwamba mharibifu ndiye huoka keki ya mkutano unaofuata. Sawa. Aoke Thorkild, maana ndiye aliyekuwa juu ya pikipiki.

5. Na kwani Denmark hii bapa kama sahani, breki ya nyuma ya kazi gani? Ukitaka kusimama unaachia mafuta, unatulia, unasubiri. Naomba chama kiifute kwenye ukaguzi, na anayeing'ang'ania aeleze anaogopa nini.

Nangoja cheti, mzee wangu, kabla Villads hajapima sebule. Nisalimie mkeo, wajukuu, yule mbwa asiyenipenda, na Thorkild, goti lake lipoe.

Wako katika moshi na grisi,
Storm Bisgaard,
Fundi Mkuu, banda la nyuma ya nyumba ya Bibi.

N.B. Barua hii naileta kwa baiskeli, breki zake nimezifunga mwenyewe. Bibi nimempakia nyuma, anataka kukusalimia, na kutoka kwetu hadi kwako ni mteremko mtupu.