Shikamoo Niliyomwahidi Naftali

Ijumaa, 24 Novemba 1995. Mungaa.

Tumeshindwa! Mgombea wangu wa urais, aliyeahidi kurudisha maduka ya ushirika, bei moja nchi nzima na adabu ya zamani, kaangushwa. Tena vibaya. Mimi nilikuwa muuzaji wa duka la ushirika hapa kijijini mpaka walipolifunga na kila mwenye meza akaanza kuuza sabuni. Mwenye meza kubwa kuliko wote ni Naftali, mdogo wa mke wangu. Na huyo huyo ndiye niliyewekeana naye ahadi kilabuni, mbele ya watu: ambaye mgombea wake ataanguka, atamwamkia mwenzake shikamoo mpaka Pasaka.

Leo ndiyo nimeona kasoro. Naftali ananiamkia tangu anachunga mbuzi. Angeshindwa asingepoteza kitu! Siku ile sikuliona hilo. Nilikuwa na uhakika mno.

Juzi, siku ya matokeo, nilitoa betri za redio nikazifukia kwenye pumba. Nikatangaza zimekwisha. Nikasahau nani anauza betri. Kaja na mpya, kaziweka mwenyewe, hakutaka hata malipo. Tukasikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumamosi, 25 Novemba.

Mbinu mpya. Sauti imekauka. Asiye na sauti haamkii mtu. Nimejifunga kitambaa shingoni. Mke wangu Luciana kaninywesha maji ya mwarobaini, kikombe kizima, akasimama hapo hapo mpaka nimalize. Jioni mbuzi kaingiza kichwa kwenye mbegu za alizeti. Nikamfokea. Majirani wote wamesikia. Luciana kasema dawa imefanya kazi.

Jumatatu, 27 Novemba.

Balaa! Watu wa Ulemo wanaokuja kumposa binti yetu Eliza wameleta habari: Jumamosi wanakuja kuzungumza mahari. Naftali ni mjomba wake, lazima awepo. Wageni hawatujui. Wataangalia nani anamwamkia nani. Anayeamkiwa ndiye mkubwa wa nyumba. Atakalia kiti chenye mgongo, atawekewa firigisi, na neno lake kuhusu ng'ombe ndilo la mwisho.

Naftali! Mteja akinung'unika kidogo, yeye anapunguza bei. Atamtoa mwanangu kwa ng'ombe wanne na kushukuru juu.

Sijala vizuri leo. Eliza ndiye binti yangu pekee. Sitaki aende ugenini watu wakidhani baba yake ni wa kukaa kwenye kigoda karibu na mlango.

Jumatano, 29 Novemba.

Nimetangaza kilabuni kwamba sikubali matokeo, kura zihesabiwe upya. Mpaka zihesabiwe, ahadi isubiri. Rafiki yangu Yeremia, aliyempigia kura mgombea yule yule, kasema yeye keshasahau, na uchaguzi umekwisha. Alikuwa amevaa koti la mitumba. Kanunua kwa Naftali. Msaliti!

Nikamtuma huyo huyo msaliti akamwambie Naftali kwamba Jumamosi chumvi itauzwa kwa bei ya kutupa Singida mjini. Naftali kashukuru sana. Atamtuma mkewe.

Jumamosi, 2 Desemba.

Wageni walifika mapema, wazee watatu na shangazi mmoja mwenye macho makali. Nikaingia jikoni kujificha kidogo. Eliza akaniuliza, kwa upole kabisa, kwamba hawa watu wakiahidi ng'ombe leo, nitataka watimize? Nikasema ndiyo, bila shaka. Akaendelea kukoroga mchuzi.

Naftali kafika. Uani, Yeremia na nusu ya kilabu walikuwa wamejipanga kusubiri neno langu. Nikasimama. Nikafungua mdomo, nikaitoa: shikamoo, shemeji.

Wageni hawakuisikia. Naftali alikuwa ameshainama, na yake kaitoa kwa sauti ya kanisani, ikaifunika yangu yote. Nikaitikia marahaba. Nilitaka kulia.

Firigisi ikaja kwangu. Nikaikata, nusu nikampa yeye. Wageni wakataja ng'ombe saba. Nilivyokuwa nimelegea, ningekubali hata watano. Naftali akakohoa, akasema shemeji yake hashuki chini ya kumi. Naftali huyu huyu! Shangazi akamkazia macho. Hakupunguza hata mguu wa ng'ombe. Tumemaliza kwa kumi.

Jumapili, 3 Desemba.

Baada ya ibada nimempeleka Naftali kilabuni, nimemshukuru mbele ya watu. Nilimaanisha. Kasema ahadi imekwisha, tusiitaje tena, na mimi ni kaka yake.

Maneno mazuri sana. Kwa nini basi akaongeza kwamba duka la ushirika nalo limekwisha?

Limekwisha? Nikapanda juu ya benchi. Nimetangaza kwamba mwaka 2000 mgombea wetu anashinda, na asiposhinda nitamwamkia Naftali, na mkewe, na yule mtoto wao ambaye hajaota meno. Sio mpaka Pasaka. Mpaka nife!

Nikanyoosha mkono tukubaliane. Naftali kakataa kuushika. Kanisihi nishuke nikae.

Ameogopa. Nimemwona machoni. Anajua safari hii tunashinda.