Rubisi Iliyomo Ndani ya Mkungu

Jumatano, 4 Juni
Nimeshtuka! Baba mdogo Rweyemamu, mshenga wangu, ameuliza rubisi imefikia wapi. Rubisi gani? Pombe ya ndizi ya kumpelekea Mzee Byabato, baba yake Deodatha, Jumapili, akasema, iliyokamuliwa kwetu, si ya kununua. Bila hiyo Deodatha siozeshwi. Wiki tatu nimezimaliza nikiandika hotuba ya posa. Kurasa tisa. Ndizi hazijavundikwa hata moja. Mimi, karani ambaye sijawahi kukosea barua!

Alhamisi, 5 Juni
Mabaya zaidi. Jovitus, fundi pikipiki, anaposa palepale! Amepita ofisini makusudi aniambie ndizi zake zina siku ya nne shimoni, zinanukia. Akaniita msomi. Kwa woga nikamwamkia shikamoo. Ni mdogo kwangu kwa umri!

Ijumaa, 6 Juni
Nimeokoka! Nimefungua madaftari yangu ya seminari. Kila kitu kipo ama kwa uwezekano ama kwa uhalisia. Mbegu ni mti kwa uwezekano. Basi mkungu wa ndizi ni rubisi kwa uwezekano! Kilichopungua ni muda tu. Nimenunua mikungu miwili sokoni Kamuli, mikubwa, ya kijani, mizuri mno. Hotuba imefika kurasa kumi na moja.

Jumapili, 8 Juni
Aibu! Nilifika ukurasa wa pili. Wazee walikuwa wakitafuna punje za kahawa, kwa desturi. Niliposema rubisi imo humu ndani ya mikungu, Mzee Byabato akainuka, akaminya ndizi moja, akaniuliza kwa upole mimi ni mtoto wa wapi. Nikasema wa hapahapa.

“Mwanangu, hizi ni za kupika,” akasema. “Hata zikae shimoni mpaka kiama, rubisi haitoki.”

Yaani uwezekano wenyewe haumo! Mzee wa darasa la nne amenishinda kwa hoja yangu mwenyewe. Kina mama wakazimenya, wakazipika na maharage. Tukala. Zilikuwa tamu. Nilitaka kulia. Baba mdogo akauliza kwa sauti kama hotuba nayo inapikika.

Rubisi ya Jovitus ilionjwa, ikasifiwa. Deodatha akaniombea kwa baba yake. Nimepewa hadi tarehe 22. Nikija mikono mitupu, anakwenda kwa Jovitus.

Jumatatu, 9 Juni
Nimetafakari. Hoja haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la ndizi. Deodatha ameandika kwenye simu: “Elipidius, anza leo, nakuomba. Mama atakuonyesha jinsi ya kuzivundika.” Hana haja ya hofu. Nimekwenda Kayanga kwa bodaboda, nimeuliza watu watatu, wote wamethibitisha mche ni wa ndizi za pombe. Nimenunua mche. Mche mmoja wa mgomba, unaenea kwenye mkoba wa ofisi! Mche ni mkungu kwa uwezekano, mkungu ni rubisi kwa uwezekano. Mara mbili! Tarehe 22 naupeleka.

Nimeanza hotuba mpya.