Makumbusho ya Babu Zenon na Shangazi Asiyehama

Jumatatu, 6 Oktoba
Joto. Tangazo la manispaa bado liko mlangoni: nyumba imeinama, ibomolewe. Njia ya kuiokoa ni moja tu, iwe makumbusho. Humu ndimo alimoishi babu yangu, Zenon Duvernay, ambaye klarineti yake ilisikika kutoka New Orleans hadi Paris. Mimi Lucien, mjukuu wake, siwezi kupuliza hata filimbi ya refa. Lakini kuongoza makumbusho naweza.

Jumapili Bi Thibodeaux wa kamati ya nyumba za kale anakuja kukagua. Kikwazo ni Shangazi Odile, binti wa Babu. Bado anaishi humu. Makumbusho gani yana mtu anapika maharage ndani? Nikamtajia kwa upole chumba kizuri kwa binamu, Baton Rouge. Akasema yeye kazaliwa chumba cha mbele na atatoka kwa mlango huohuo, amebebwa. Halafu akaniambia nioshe mchele.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimefunga kamba mbele ya kiti cha Babu, kama kwenye makumbusho ya kweli. Nimebandika na karatasi: KITI CHA ZENON. SUFURIA YA ZENON. USIGUSE. Kazi safi.

Jioni nimerudi. Kwenye kamba zimeanikwa soksi. Shangazi yuko kitini anatazama televisheni. Sufuria inachemka na karatasi yake imeshaingia kwenye supu. Nililalamika kwamba anaharibu historia. Akajibu kwamba historia haijala tangu asubuhi, nilete bakuli.

Alhamisi, 9 Oktoba
Cornelius Dugas, jirani, ametundika ubao kwake: ZENON ALIJIFUNZA KLARINETI KWENYE NGAZI HIZI. Uzushi! Babu alikwenda kukaa kwenye zile ngazi kwa sababu Bibi alimfukuza, alichoshwa na kelele za klarineti. Shangazi anasema huko ndiko kujifunza kwenyewe. Huyu mama hajui kuchagua upande.

Dugas ameanza kuniita "Mheshimiwa Mkurugenzi" mbele ya watu. Leo aliniuliza ofisi yangu iko wapi, au ndiyo pale soksi zinapokaukia. Wote dukani wakacheka. Nyumba yake imesimama wima na ina rangi mpya. Naona wivu hadi meno yananiuma.

Ijumaa, 10 Oktoba
Akili imefunguka! Jumapili Chama cha Mabwana wa Jumapili wanapita mtaani na bendi yao ya matarumbeta. Wakisimama kwetu, Bi Thibodeaux atajionea jinsi mtaa wetu wa Treme unavyompenda Babu. Nilimfuata mwenyekiti wao. Akasema wao husimama penye kinywaji, basi. Nikamwahidi bia baridi na kuku wa kukaanga. Kumbe Dugas alishamwahidi maji ya limau. Maji ya limau, kwa watu wazima!

Nimejaribu kibaraza kwa mguu mmoja. Kililia kidogo. Nimekiwekea kreti za bia chini kukitegemeza. Shangazi akauliza ni kreti tupu au zimejaa. Tupu. Akaingia ndani.

Jumapili, 12 Oktoba
Walikuja. Mwisho wa umati sikuuona. Limau ya Dugas haikuguswa na mtu. Wakala kuku, wakapanda kibarazani, wakajaa, wakaanza kucheza. Bi Thibodeaux alikuwa katikati yao, leso juu, viatu mkononi. Karatasi zake za ukaguzi alimpa Dugas amshikie. Nikapiga kelele kwamba kibaraza hicho si cha kuchezea. Hakuna aliyenisikia, mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, ndiyo kwanza alikuwa anapanda.

Kikaporomoka. Polepole, halafu chote kwa pamoja. Bi Thibodeaux alichubuka kidevu. Mpiga tuba alizama hadi kiunoni na akaendelea kupuliza. Walipomchomoa, msafara ukasonga mbele, nikabaki na rundo la mbao.

Shangazi alikuja dirishani. Angenitukana ningepata nafuu. Alitazama tu pale alipokuwa akikaa jioni na baba yake, akashusha pazia. Nimeiua nyumba. Shangazi yangu atakosa pa kulala kwa ajili ya kuku wangu wa kukaanga. Nina aibu, na ninaogopa.

Jumatatu, 13 Oktoba
Niliamshwa na nyundo. Nikajua wabomoaji wamefika. Nikatoka mbio mlangoni kuwazuia, nikasahau kwamba hakuna kibaraza. Nilimwangukia Dugas.

Hawakuwa wabomoaji. Walikuwa Mabwana wa Jumapili, wanajenga kibaraza kipya, na mbao nyingi zilitoka kwa Dugas. Akiwa bado chini yangu alisema nisijidanganye, hii si kwa ajili yangu. Shangazi Odile alimlisha utotoni. Tena nyumba hii ikiondoka, nani ataamini ubao wake?

Bi Thibodeaux akaja na plasta kidevuni. Akasema ameshahifadhi nyumba nyingi za wanamuziki, na hakuna hata moja iliyowahi kuvunjika kibaraza, kwa sababu hakuna anayekwenda kuzitembelea. Kamati itaichukua hii. Sharti ni Shangazi abaki humo humo, akalie kiti, apikie sufuria. Tangazo la manispaa litaondolewa.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto. Shangazi alinikuta. Akanifuta uso kwa aproni yake, akasema nikimaliza kulia vyombo viko jikoni. Kisha akanijulisha kwamba wa kuwatembeza wageni atakuwa Dugas. Anadanganya vizuri zaidi yangu.

Jumanne, 14 Oktoba
Dugas ameshavaa tai. Mimi nimepewa ufagio. Sawa. Shangazi amelala nyumbani kwake, hilo ndilo kubwa.

Bi Thibodeaux ana ombi moja: nyumba isitikiswe kabisa hadi fundi aje kuinyoosha. Nimemwelewa. Lakini nimeitazama vizuri. Imeinamia upande wa Dugas. Watu wa kutosha wakicheza upande wa pili, kwa nguvu na kwa pamoja, itarudi wima yenyewe, na fundi hatahitajika. Nimeshazungumza na mwenyekiti. Jumapili anakuja na bendi mbili. Shangazi sijamwambia, nataka afurahi ghafla.