Mafuta ya Alizeti na Msumeno wa Kijiji

Jumatatu, 6 Oktoba 1975

Msumeno wa mota wa kijiji umeletwa karakana saa tatu asubuhi, umebebwa na watu wawili kama mgonjwa. Hauwaki.

Mzee Alute, mwenyekiti wetu, ameeleza jambo kwa ufupi. Magogo kumi na mawili ya mninga yamelala porini upande wa Issuna. Bwana Miti, yule afisa wa misitu, ametoa kibali. Magogo yakatwe vipande, wapasuaji wayafanye mbao, shule ipate paa kabla ya mvua. Pia kamati imechoka na karakana yenye mafundi wawili wasiosemezana. Inataka msimamizi mmoja, mwenye ufunguo. Msumeno nimepewa mimi kwanza, kwa sababu nimesoma hadi kidato cha nne. Magogo yote yakikatika kufikia Jumamosi jioni, ufunguo ni wangu. Yasipokatika, ni wa Antipasi, yule fundi mwingine.

Msimamizi wa karakana husamehewa kulima shamba la kijiji. Hili naliandika kwa ukamilifu tu. Sababu yangu mimi ni kulitumikia taifa.

Nimemweleza hivyo mke wangu, Damari. Ameuliza taifa limeanza lini kukaa kiunoni mwangu, maana kila kengele ya shamba ikilia ndipo kiuno kinapouma.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefanya kazi kwa utaratibu. Nimeufungua msumeno wote na kuandika kila kifaa kwa namba, moja hadi arobaini na tatu. Kabureta peke yake imechukua namba tisa.

Antipasi alikuwa meza ya pili akinyoosha rimu ya baiskeli. Huyu alijifunza ufundi kwa kushika taa wakati mafundi wa misheni wakitengeneza lori. Shule aliishia darasa la tatu. Akauliza, bila kuinua kichwa, kama nimetazama plagi. Nikamjibu kwamba plagi ni namba thelathini na moja, nami bado niko namba kumi na nne. Akasema haya, msomi, atanisubiri huko mbele.

Namba thelathini na moja nimeifikia saa tisa. Masizi matupu. Nimeisugua, nimefunga vyote, nimevuta kamba mara mbili. Umewaka.

Ni kweli kwamba kama ningeanza na plagi ningemaliza saa tatu na robo. Lakini nisingekuwa na orodha.

Jumatano, 8 Oktoba

Kunoa mnyororo. Meno hamsini na sita, kila jino mapigo manne ya tupa, si zaidi. Kazi safi. Nimeurudisha mnyororo kwenye bapa, ule ulimi wa chuma unaouzungukia, na kuujaribu kwenye kisiki nyuma ya karakana.

Kisiki kilitoa moshi. Hakikukatika. Nilikandamiza kwa dakika sita. Kisiki kikawa cheusi na kung'aa kama kimepakwa rangi ya viatu.

Antipasi alitoka akiwa na bakuli lake la uji. Akasimama, akanywa, akatazama. Kisha akasema meno ya mnyororo wangu yanatazama nyuma kama mke wa Lutu.

Nimemwambia nilikuwa nikijaribu upande huo kwanza. Akasema naam, na upande wa pili upo. Akaondoka na uji wake.

Nimeugeuza. Unakata vizuri. Mtu huyu ananitazama mno. Lazima ana mpango.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya hesabu. Nimepewa galoni moja ya petroli, kwa sahihi ya Mzee Alute na ya katibu. Petroli ipo. Tatizo ni oili.

Msumeno huu una midomo miwili. Mdomo wa kwanza hunywa petroli iliyochanganywa na oili, vikombe ishirini na tano kwa kimoja. Mdomo wa pili hunywa oili tupu, kwa ajili ya kulainisha mnyororo. Oili iliyobaki kijiji kizima ni chupa moja, nayo haijajaa. Inatosha mdomo mmoja. Dukani hakuna. Singida mjini, dereva wa lori amesema, hakuna. Kilichopo kwetu ni mafuta ya alizeti. Luciana, anayekamua kwa mashine ya mkono, ana madebe mawili.

Kwa hiyo mdomo mmoja upewe oili, mwingine alizeti. Upi upewe nini?

Nilikuwa nimefungua kile kitabu cha Kijerumani kilichokuja na msumeno. Kijiji kinaamini nakisoma. Sijawahi kusema nakisoma. Nimekaa nacho tu mahali panapoonekana. Antipasi akaja, akasimama kwa adabu, akasema yeye angeweka oili kwenye petroli, na alizeti kwenye mnyororo. Alizeti ikiunguzwa ndani ya silinda, alisema, itaganda. Kwenye mnyororo haina neno, inateleza tu na kumwagika.

Nimelifikiria hili kutwa nzima. Mtu ambaye atapata ufunguo nikishindwa amekuja mwenyewe kunifundisha jinsi ya kushinda. Bila kuombwa. Kwa upole. Hakuna mtu wa namna hiyo, si Singida wala Dodoma. Basi ushauri wake ni mtego, na kilicho sahihi ni kinyume chake.

Nimeweka alizeti kwenye petroli na oili kwenye mnyororo. Nimepima mara mbili kwa kikombe kimoja.

Ijumaa, 10 Oktoba

Majaribio. Msumeno umewaka kwa mvuto wa kwanza na kuunguruma dakika kumi bila kukohoa. Mtego umeteguka.

Jambo moja sikulitazamia, nalo ni harufu. Moshi wake unanukia maandazi. Kufikia saa nne walikuwa wamekusanyika watu kumi na wanne mlangoni, wawili wakiwa na sahani. Mama mmoja wa nyumba kumi zetu aliuliza harusi ni ya nani. Mzee Alute mwenyewe alipita, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku pua yake ikiwa juu. Akasema kitu kwa Kinyaturu na wote wakacheka. Mimi nilikuwa nimeziba masikio kwa pamba, sikukisikia.

Antipasi hakucheka. Alinusa, akanitazama, akanusa tena. Akauliza kama nina hakika. Nikasema elimu ni hakika. Akasema basi angalau nisiuache upoe katikati ya kazi.

Anazidi. Sasa anataka nikate bila kupumzika ili injini iyeyuke.

Mchana nimeufanyia maboresho. Nimetoboa bomba la moshi matundu sita kwa msumari, ili injini ipumue. Nguvu imeongezeka. Kelele pia. Ng'ombe wawili wa Mzee Alute walivunja zizi, wamepatikana saa kumi kwenye mtama wa jirani. Nimepeleka pole.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika kwa utulivu.

Tuliondoka kijijini saa kumi na mbili na nusu, watu wapatao thelathini, kamati ikiwa mbele. Luciana alikuja kuona mafuta yake yakifanya kazi ya taifa. Antipasi alikuja pia, na mkoba wake wa spana, ingawa hakuna aliyemwita.

Gogo la kwanza lilikatika kama muhogo. La pili vilevile. Pori zima lilinukia vitumbua. Hadi saa tano nilikuwa nimemaliza magogo matano, na mjumbe mmoja wa kamati alianza kuniita Msimamizi. Nilimwambia asubiri, lakini si kwa sauti kubwa.

Saa tano na nusu nikatangaza mapumziko. Antipasi alinisogelea na kusema kwa sauti ya chini, Bwana Simeoni, nakusihi, malizia sasa wakati una moto. Nikamwambia karibu ugali. Tukala ugali na mlenda. Nilipumzika saa moja na nusu kamili, kwa saa yangu ya mkononi, ili injini ipoe kabisa.

Ilipoa kabisa. Saa saba nilivuta kamba, haikuja. Nikaweka mguu juu ya msumeno na kuvuta kwa mikono yote. Kamba ilikuja peke yake, bila msumeno. Nilikaa chini, mbali kidogo na nilipokuwa nimesimama.

Antipasi alifungua plagi, akaingiza bua la mtama, akalitoa. Lilikuwa na ukoko wa kahawia, kama wa chini ya kikaango kisichooshwa mwezi mzima. Akamkabidhi Mzee Alute. Mzee Alute alilinusa, akampa katibu, katibu akampa mjumbe, na bua likazunguka kamati yote kama taarifa. Luciana alikuwa wa mwisho. Akasema, "Baba, ungeniambia tunakaanga. Ningekuja na vitunguu."

Magogo saba yamebaki. Tumerudi kwa miguu. Msumeno ulibebwa na watu wawili.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani. Sikuimba.

Nimechunguza sababu za kushindwa na nimepata tatu. Moja, alizeti ya mwaka huu ni nzito kwa sababu ya jua. Mbili, mlenda ulirefusha mapumziko. Tatu, ule ushauri. Antipasi alijua kwamba nitajua kwamba ananitega. Kwa hiyo alisema ukweli. Ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Nimemweleza Damari sababu ya tatu. Aliendelea kuchambua mchele. Kisha akauliza: kumbe mtu akikuambia moto unaunguza, utaushika ili kumkomoa? Nikasema inategemea ni nani. Akasema, "Baba Selina, jembe lako liko nyuma ya mlango. Nimekutilia mpini mpya." Alitia mpini siku ya Jumatano. Jumatano!

Jumatatu, 13 Oktoba

Antipasi aliulaza msumeno kwenye beseni la mafuta ya taa tangu juzi. Asubuhi amegonga pistoni kwa kipande cha mti, polepole, ikaachia. Amekwangua ukoko kwa ganda la bua. Ameziba matundu yangu sita kwa bati na kuunga kamba. Oili yangu ya kwenye mnyororo ameichuruzisha tone kwa tone na kuitia kwenye petroli, na kwenye mnyororo ametia alizeti. Amefanya haya yote bila kuandika orodha.

Magogo saba yalikatika kabla ya saa nane. Hakukuwa na harufu yoyote. Watu wengine walisikitika kidogo.

Jioni kamati ilikaa chini ya paa la ofisi. Mzee Alute alisema elimu ni kitu kizuri, na kijiji hakitaiacha ipotee. Ufunguo ni wa Antipasi. Mimi nimeteuliwa kiongozi wa kikosi cha kwanza cha shamba la kijiji. Kiongozi hufika kabla ya wengine na huondoka baada yao. Wakapiga makofi. Antipasi naye alipiga, tena kwa muda mrefu, na uso wake haukuwa na dhihaka yoyote. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Jumanne, 14 Oktoba

Kengele saa kumi na mbili kasorobo. Matuta arobaini. Kiuno.

Jumatano, 15 Oktoba

Matuta arobaini na mawili. Nimependekeza kwa kikosi tulime kwa kurudi nyuma, ili mtu aone kazi aliyokwisha kufanya na kutiwa moyo. Walijaribu kwa heshima yangu. Wawili wameangukiana. Malengelenge sita mkono wa kulia, manne wa kushoto.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo limetokea jambo kubwa, nami nimelishughulikia vizuri.

Saa tisa Antipasi alikuja shambani akiwa amevaa ufunguo shingoni. Aliwaamkia wazee, akaniita pembeni. Alisema kazi ya karakana imemzidi. Wilaya imeahidi mashine ya kusaga, nayo itakuja na vitabu, na yeye vitabu hawezi. Nami, alisema, naweza kupima na kuandika kuliko mtu yeyote hapa. Orodha yangu ya vifaa arobaini na vitatu ndiyo iliyomsaidia kuurudisha msumeno, maana asingejua kifaa kipi hukaa wapi. Amekwisha sema na Mzee Alute, na Mzee Alute amekubali. Niwe msaidizi wake. Nitasamehewa shamba kuanzia Jumatatu, sawasawa na yeye. Kinachotakiwa ni barua yangu fupi ya kukubali, ifike ofisini kabla ya jua kuzama.

Akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa na grisi. Wangu ulikuwa na malengelenge.

Nilikaa juu ya tuta na kufikiri kwa utaratibu. Mtu aliyenishinda anakuja mwenyewe kunipa kile nilichokuwa nakitaka. Bila kuombwa. Kwa upole. Hata kusifu amesifu. Kuna nini ndani yake? Nikaona. Anataka niketi mbele ya kitabu hadharani, ijulikane kwamba Kijerumani sikijui. Au kuna jingine zito zaidi ambalo bado sijalifikia, na kutolifikia kwenyewe ni dalili kwamba lipo.

Nimeandika barua ya ukurasa mmoja na nusu. Nimemshukuru Mwenyekiti, nimemtakia ndugu Antipasi kazi njema, na nimeeleza kwamba mahali pangu ni pamoja na wakulima wenzangu, kwenye jembe, msimu huu na misimu ijayo. Nimepiga mstari chini ya misimu ijayo. Nimeipeleka mwenyewe. Katibu aliisoma mara mbili, akaniuliza kama naumwa. Akagonga mhuri.

Nimemsomea Damari nakala. Alitoka nje. Nilimsikia akimweleza jirani, kisha jirani akimwita mume wake aje asikie naye.

Hawaelewi. Safari hii hakunipata. Naacha hapa, kengele ni saa kumi na mbili kasorobo.