Maji ya Mfereji na Mkataba Wangu

Jumatatu, 9 Februari 2026
Mkataba wangu wa majaribio redioni unaisha Ijumaa. Bi Shamsia, mhariri, kasema anataka habari moja nzito, la sivyo kwaheri.

Bahati! Mjomba Leodegar kapiga simu kutoka Masama. Jirani yake, Mzee Elisaria, anachepusha maji ya mfereji wakati si zamu yake. Nikapanda mbio. Mjomba kanipokea kwa mtori wa ndizi na mbavu za mbuzi. Nilikusudia kumsikiliza na Elisaria, lakini mtori ungepoa. Nikaandika kwamba jitihada za kumpata ziligonga mwamba. Kwa kweli alikuwa ng'ambo ya ua. Nilimwamkia shikamoo nikiwa na mfupa mkononi.

Jumanne, 10 Februari
Habari imesomwa asubuhi. Sokoni Kwa Sadala wananiita mwanahabari!

Mchana, balaa. Kamati ya mfereji imemnyima Elisaria maji wiki nzima, na maharage yake ndiyo yanatoa maua. Kapiga simu redioni, kasema alishinda nyumbani na mwandishi alimwamkia. Bi Shamsia kaniuliza ni jitihada zipi hizo. Nikasingizia mtandao. Akaomba kuona namba niliyopiga. Nimeshindwa kula.

Jumatano, 11 Februari
Nimepata mbinu. Anayechepusha maji lazima awe na mpira wa maji. Nikaenda mjini kwa Prakash, muuza vifaa vya ujenzi, athibitishe kwamba Elisaria alinunua. Akafungua daftari. Aliyenunua ni Leodegar, mita hamsini! Mjomba wangu mwenyewe! Nikamsihi Prakash anyamaze. Kasema Bi Shamsia ameshampigia kuuliza hilo hilo, nusu saa iliyopita.

Alhamisi, 12 Februari
Bi Shamsia hakufoka, na hilo ndilo limenitisha. Kasema kesho nisahihishe hewani, na Elisaria awe amenisamehe kwa kinywa chake. Vinginevyo nirudishe kinasa sauti.

Nikachuma jani la isale, nikafunga safari. Huku kwetu anayeletewa isale hakatai kusamehe. Nilitegemea hilo kabisa. Mzee kalipokea kwa hasira. Kasema kanisamehe kwa sababu ya jani, si kwa sababu yangu. Kisha kanionyesha maharage. Maua yote chini. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 13 Februari
Nimesoma masahihisho, jina la mjomba likiwemo. Kamati imemrudishia Elisaria maji. Bi Shamsia kaniongezea mwezi mmoja. Nusura nilie!

Jioni mjomba kapiga simu. Nilidhani ananilaani. Kumbe kesho naye anapeleka isale kwa Elisaria, anachinja mbuzi, na anataka redio iwepo. Habari iseme yeye ndiye mpatanishi wa mfereji. Nimekubali, maana mbuzi ni mbuzi.

Nimeshaiandika yote usiku huu ili kuokoa muda. Hata shukrani za Mzee Elisaria kwa mjomba nimemwandikia, sentensi tatu nzuri sana. Kesho kazi yake ni kuzisema tu.